Mkaa umegeuza mchicha wangu njano, niufukue?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buhongwa hapa Mwanza, nimelifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo mtaalamu. Niliona watu wanasifia bayocha, kwamba mkaa ukiusaga ukachanganya na udongo basi mboga zinanawiri. Nikachukua chenga za mkaa viroba vinne kwa muuza mkaa wa hapa mtaani, nikamwaga kwenye matuta yangu mawili ya mita moja kwa tano, nikachanganya na jembe nikapanda mchicha na chainizi. Saivi ni wiki ya tatu, mboga zimedumaa, majani ya chini yamekuwa njano kabisa. Udongo wangu ni kichanga. Nina kuku wa mayai kama 30, na jirani ana mashine ya kukoboa mpunga. Je mkaa umeua udongo, niufukue? Na hiyo kuchaji wanayosema inafanyikaje? Nasikia hata mkojo unatumika ila mzee wangu hapa nyumbani hataki hata kusikia."

Marahaba dada. Kwanza weka jembe chini, usifukue kitu. Udongo haujafa, una njaa tu, na njaa yenyewe umeileta we mwenyewe kwa mkono wako ila usijilaumu maana karibu kila mtu anayeanza na bayocha anaanza hivo hivo, wanaoisifia wanasema mkaa ni mzuri halafu wanaishia hapo.

Iko hivi. Mkaa siyo mbolea. Huu wa miti hasa hauna chakula cha maana ndani yake, una vitundu tu, vitundu vingi sana vidogo vidogo ambavyo jicho halioni, na hivo vitundu vikiwa vitupu vinataka kujazwa. Fikiria daladala imefika stendi ya Nyegezi haina mtu hata mmoja, konda anafanya nini? Anavuta kila abiria anayepita, hata ambaye haendi huko. Sasa mkaa wako mkavu mtupu umeushusha kwenye kichanga ambacho abiria wenyewe walikuwa wachache, naitrojeni (chakula kinachokuza majani) kidogo iliyokuwepo imevutwa na mkaa na wadudu wadogo wa udongo waliohamia kwenye mkaa, mchicha ukabaki kituoni. Kuchaji ndo kuijaza hiyo daladala kabla haijaingia bustanini, basi. Ikiingia imejaa, inaenda inashusha mdogo mdogo mlangoni kwa mizizi, na ikishusha inapakia tena pale unapoweka samadi, kwenye kichanga hapo ndo faida yake kubwa ilipo maana kichanga bila hivo mvua moja tu ya masika imeosha kila kitu kwenda chini.

Umesema majani ya chini ndo yameanza kuwa njano. Hilo umelitazama vizuri na limenisaidia sana. Njano ikianzia chini kwenye majani ya zamani huo ni upungufu wa naitrojeni, mmea unakula majani yake mazee ili ulishe machanga. Ingekuwa njano imeanzia juu kwenye majani machanga, halafu mishipa ya jani imebaki kijani, ningekwambia stori nyingine: pH (kipimo cha tindikali na magadi ya udongo) imepanda sana, madini ya chuma yapo kwenye udongo lakini mmea hauwezi kuyachukua. Hiyo nayo hutokea na chenga za mkaa kwa sababu za kwa muuza mkaa huwa zina majivu na mchanga na kila kilichofagiliwa pale chini. Kwa hiyo endelea kuyaangalia majani ya juu, yakianza kubadilika uniambie, dawa yake ni tofauti.

Na kipimo nacho kilikuwa kikubwa. Viroba vinne kwenye mita za mraba kumi, kama ni viroba vya unga vile vya kilo 25 vikijaa, ukipiga hesabu kwa kina cha jembe ni zaidi ya moja ya kumi ya udongo wote wa juu. Kwa mkaa uliochajiwa vizuri hicho ni kipimo cha mtu ambaye ameshazoea, anakifikia kwa misimu kadhaa. Kwa mkaa mtupu ni mwingi mno kwa mara moja.

Namna ya kuokoa matuta: hizo mboga zilizopo usizing'ang'anie sana, ila ukitaka kujaribu, yurea kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo ya lita 20, umwagilie eneo la mita mbili za mraba kwenye udongo siyo kwenye majani, jioni, halafu urudie baada ya siku kumi. Najua kuna watakaonuna kwamba yurea kwenye bustani ya nyumbani ni dhambi, mi naona ni gari la wagonjwa, unaliita siku ya dharura. Ambaye hataki kabisa atumie mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza, nusu debe kwa kila tuta, ifukiwe juu juu katikati ya mistari na kumwagilia. Mbichi usiweke, itaunguza mizizi, na mboga za majani ambazo mtu anachuma kila baada ya siku chache siyo mahali pa kinyesi kibichi.

Ukishavuna hicho kidogo kitakachopatikana, panda kunde. Kunde zinajitengenezea naitrojeni zenyewe kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi, hazitaumia kama mchicha, na majani yake ni mboga pia (mi binafsi majani ya kunde ya kukaushwa na karanga nayaweka juu ya chainizi siku yoyote, ila hiyo ni habari nyingine). Ukizing'oa acha mizizi ardhini. Baada ya kunde, hayo matuta utakuja kuyapenda, maana mkaa utakuwa umeshajaa na hautoki, unakaa ardhini miaka mamia.

Hilo la kukaa miaka mamia lishike, ndo sababu nakwambia tufanye vizuri raundi ya pili. Samadi ukikosea msimu ujao imeisha, mkaa ukikosea hauondoki. Kule Amazon, Brazil, kuna ardhi nyeusi ambayo wenyeji wa zamani waliitengeneza kwa mkaa, mifupa, vyungu vilivyovunjika na taka za jikoni, nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 2,000 na mpaka leo zinalimwa wakati udongo wa pembeni yake ni mwekundu na umechoka. Watu wanasoma hiyo stori wanabeba neno mkaa tu wanaacha mifupa na taka. Sisi huku Usukumani tunalijua hili kwa macho, nenda mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka ya nyuma uone mahindi yanavyosimama, au maboga yanayojiotea yenyewe nyuma ya jiko wanapomwaga majivu na maji ya kuoshea vyombo. Mkaa peke yake haujawahi kufanya vile.

Sasa turudi kwenye kutengeneza. Chanzo rahisi ni hizo hizo chenga, huna haja ya kuchoma chochote, na tafadhali usikate mti kwa ajili ya bayocha, ukikata mti utengeneze mkaa wa kufukia utakuwa umefanya kichekesho. Ila chenga zichague. Mwambie muuza mkaa akupe za juu kabla hajafagia chini, na hakikisha ni mkaa wa miti siyo vipande vya mkaa mbadala maana ule unafinyangwa na udongo au gundi ya unga na mambo mengine usiyoyajua. Zikishafika nyumbani ziloweke kwenye beseni au pipa usiku mzima, koroga, mchanga na mawe yatazama, mwaga yale maji ya majivu mbali na bustani. Hapo umepunguza ile magadi magadi ya majivu. Hatua hii watu wanairuka na ndo inawaletea njano ya juu niliyokutajia.

Chanzo cha pili, na kwako naona ndo bora zaidi, ni maganda ya mpunga ya kwa huyo jirani. Mashine nyingi za Mwanza zina milima ya maganda nje, wanayachoma tu yawaishie. Yanatengenezwa hivi: chukua debe la bati, litoboe matundu mengi pembeni kwa msumari, toboa na juu uchomeke bomba la bati la kama mita moja na nusu liwe kama dohani. Washa moto mzuri wa vijiti chini, ufunike na hilo debe, bomba likitazama juu, kisha ulundike maganda kuzunguka debe mpaka kilima kifike usawa wa bomba linapoanzia. Moto uko ndani, maganda yako nje, yanaiva kutoka ndani kuja nje yakibadilika kuwa meusi. Huku we una sepetu mkononi, kila unapoona weusi umetokea unarudishia maganda mabichi juu. Yakishakuwa meusi yote tandaza haraka na kumwagia maji. Na usiende kuchota maji bombani ndo ukumbuke kurudi, maana yakipitiliza yanakuwa ya kijivu halafu meupe, hapo ni majivu siyo bayocha tena, kazi ya masaa imeondoka. Uzuri wa maganda ni kwamba hayahitaji kusagwa, yanatoka saizi yake tayari, na kwenye kichanga yanashika maji vizuri.

Kama una vijiti, magunzi, mabua ya pamba au matawi ya kupogolea, chimba shimo la duara lenye umbo la funeli, juu mita moja, kina sentimita 60 hivi, chini liwe jembamba. Panga rundo dogo la vijiti vikavu kabisa chini ya shimo, uliwashe kutokea juu yake, moto ukishashika ongeza safu nyembamba. Angalia safu ya juu, ikianza kupata utando mweupe wa majivu pembeni ongeza nyingine, hivo hivo mpaka shimo lijae. Kinachotokea ni kwamba moto wa juu unakula hewa yote na moshi wote, ule mkaa wa chini unakosa hewa unabaki mkaa. Ukiona moshi mwingi jua kuni zako mbichi au unaongeza haraka mno, moto mzuri wa shimo hauna moshi wa kuwakera majirani. Tofauti na tanuri la udongo la wachoma mkaa ambalo linatoa moshi siku nzima. Masaa mawili matatu umemaliza. Na fanya asubuhi mapema, sisi tunaokaa huku tunajua mchana upepo unatoka ziwani unapanda huku kwenye makazi, ukiwasha saa nane mchana cheche zinakwenda unakotaka na usikotaka. Mbao zilizopakwa rangi, za fanicha, plastiki, mabaki ya maboksi yenye gundi, hivo visiingie shimoni hata kama vinawaka vizuri.

Kuzima. Hapa niseme kilichonikuta. Msimu wangu wa kwanza nilizima shimo kwa ndoo tatu, nikagusa juu pakawa pa baridi, nikazoa mkaa nikajaza kwenye salfeti nne nikaweka stoo nikaenda kulala na roho safi. Saa tisa usiku mke wangu ananiamsha, stoo inanuka moshi. Salfeti mbili zimeyeyuka, jembe limebaki chuma bila mpini, na mfuko wa mbegu za nyanya niliokuwa nimeutunza kwa bei umekwenda na maji. Kipande kimoja kilichobaki na moto katikati kinatosha. Kwa hiyo maji ya kutosha, shimo la saizi ile usiende na pungufu ya ndoo kumi, koroga na fimbo, mwaga tena. Kama maji ni ya shida, fukia na udongo vizuri hewa isipite, uache mpaka kesho kutwa. Ukitoa, kiache nje kwenye uwazi usiku mmoja kwanza, ndani kisiingie. Na ukizimia kwa maji yaliyolowekewa mbolea ya kuku badala ya maji matupu, kuchaji kumeshaanza hapo hapo, mkaa wa moto unaponyweshwa unavuta mpaka ndani.

Kusaga ni kazi ndogo ila ichukuliwe kwa heshima kwa sababu ya vumbi. Mkaa usagwe ukiwa umelowa. Weka kwenye salfeti, funga mdomo, ukanyage au uponde na mtwangio wa zamani, usichukue ule wa kisamvu ukaja kugombana na mama mkwe. Unataka vipande visizidi punje ya maharage, vya unga unga viwepo ila visiwe vyote. Vumbi lake likikaa kifuani halifurahishi, funga kitambaa au vaa barakoa.

Sasa kuchaji kwenyewe, na hapa ndo nataka ukae. Kwa mtu mwenye kuku kama wewe mi siwezi hata kukupa orodha ya njia saba, njia yako iko bandani. Kuku 30 wa mayai wanatoa kama kilo tatu za kinyesi kila siku, karibu kilo 100 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya harufu unayoisikia ukifungua banda asubuhi ni amonia, yani naitrojeni yako inaondoka na upepo kwenda Mkolani. Chukua mkaa uliosagwa, ukiwa na unyevu kidogo usitimke vumbi, utawanye juu ya maranda, kama moja ya kumi ya maranda uliyonayo. Kila wiki ongeza kidogo. Kuku watauchakura, wataukojolea kwa namna yao (kuku hana mkojo wa peke yake, ule weupe juu ya kinyesi ndo mkojo wenyewe na ndo wenye naitrojeni nyingi), mkaa unashika ile amonia, harufu inapungua. Wakidonoa vipande viwili vitatu usiogope, kuku hudonoa mkaa siku zote. Ukifika wakati wako wa kawaida wa kubadilisha maranda unakuwa na mzigo ambao umeshachajiwa nusu bila kugusa chochote.

Huo mzigo usiupeleke bustanini siku hiyo hiyo. Lundika kivulini, changanya na majani makavu, nyasi, au mabua ya mahindi yaliyokatwa katwa, mafungu mawili ya vikavu kwa fungu moja la mzigo wa banda. Kama hukuweka mkaa bandani basi weka hapa, debe moja la mkaa kwa madebe matano mpaka kumi ya mchanganyiko mzima. Mwagia, halafu kamata ngumi moja ukamue: maji yakichuruzika umezidisha, ukifungua ngumi likamwagika kama vumbi hujafikisha, ukiona limeshikana na vidole vimelowa tu hapo sawa. Lundo liwe na kimo cha mita moja hivi, dogo kuliko hapo halipati joto. Funika na majani ya migomba au turubai lisilobana hewa. Siku ya tatu ya nne chomeka fimbo ya chuma mpaka katikati, ichomoe baada ya dakika tano, inatakiwa iwe ya moto huwezi kuishika muda mrefu. Geuza kila wiki, ya nje iwe ndani ya ndani iwe nje. Wiki sita mpaka nane joto limeshuka, harufu ni ya udongo wa baada ya mvua, ujue iko tayari. Wenye haraka wanasema wiki mbili zinatosha, sawa, mkaa utakuwa umelowa lakini mbolea ya kuku yenyewe bado mbichi, halafu mboga za majani zinaliwa na watoto.

Kwa sisi wa mwambao wa ziwa kuna watu wataniuliza samaki. Ndiyo, mabaki ya samaki ni chaji kali sana, yana naitrojeni na fosforasi ya mifupa. Maji ya kuoshea sato na sangara, magamba, matumbo, mapanki yasiyonunuliwa, yote yanafaa yakifukiwa katikati ya lundo na mkaa juu yake kama kofia ya kuzuia harufu. Yaache juu juu uone, kwanza paka wa mtaa mzima, kisha makorongo yale ya soko la samaki la Mwaloni yatahamia kwako na hayaondoki kwa kufukuzwa na fagio. Ila maji ya kayabo na chochote kilichotiwa chumvi usiguse. Chumvi inaingia kwenye vile vitundu vya mkaa kama chakula kinavyoingia, halafu inakwenda kuua mboga zako mdogo mdogo, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kuiweka.

Magugu maji nayo wanauliza. Ukiyatoa sehemu safi, ukayakausha kabisa, yanaingia kwenye lundo vizuri. Ukiyatoa pale mifereji ya mjini inapomwaga, hapana, yale mmea wake unavuta madini mazito na kuyatunza, na kuyachoma mkaa hakuyafukuzi.

Kabla hujapeleka mzigo wote bustanini fanya jaribio hili la watoto wa shule: makopo mawili ya maji yaliyokatwa, moja jaza udongo wako mtupu, jingine udongo wako na moja ya kumi ya mchanganyiko, panda mbegu kumi kumi za mchicha. Siku tano mpaka saba zinatosha kuona. La mkaa likiota sawa au zaidi, endelea. Likiota machache au yakiungua ncha, rudisha lundo wiki mbili zaidi, usilazimishe.

Kipimo cha kuweka. Ukishapata mchanganyiko wa mkaa na mboji, madebe matatu kwa tuta la mita moja kwa tano, changanya kwenye sentimita 15 za juu tu, mizizi ya mchicha haiendi kutafuta chakula China. Humo ndani mkaa wenyewe utakuwa kama nusu debe, na inatosha kwa msimu. Msimu ujao rudia. Taratibu hivo hivo mpaka ukifika moja ya kumi ya udongo unaacha, baada ya hapo ni mboji tu ndo unaongeza. Yale matuta mawili yenye viroba vinne yasiongezwe mkaa tena, hayo umeshayamaliza, yalishe samadi na mboji. Wakati mzuri ni kabla ya vuli, Septemba hivi, ili mvua za Oktoba zikute mzigo uko ndani. Tandaza majani juu. Majivu ya jikoni yapumzishe kwa sasa, mkaa unapandisha pH, mbolea ya kuku wa mayai nayo inapandisha maana wale wanalishwa chokaa kwa ajili ya maganda ya mayai, ukiongeza na majivu unaenda kukutana na ile njano ya juu. Ukipata nafasi peleka udongo ukapimwe, kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko hapo Misungwi siyo mbali na wewe, waulizie.

Matarajio. Udongo wako wa luseni, kama wazee wanavyouita huo mchanga wa kwenye miinuko ya mawe, ndo aina ya udongo ambayo bayocha inausaidia kweli. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2017 ulikuta nchi za joto zenye udongo uliochoka mavuno yanaongezeka kwa wastani wa asilimia 25, wakati nchi za baridi zenye udongo mzuri haikuonekana faida. Na huo ni wastani, wengine walipata sifuri. Mwenye mbuga nyeusi ile inayopasuka kiangazi asihangaike, tayari inashika chakula na maji vizuri yenyewe, na mara nyingi pH yake iko juu, apeleke nguvu kwenye mifereji ya kutoa maji. Na mwenye bustani inayogusa ziwa kabisa akumbuke sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisifanyiwe shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo, mbolea ikishaoshwa pale inakwenda kulisha magugu maji.

Kuhusu mzee na mkojo. Anachokataa siyo kitu cha ajabu, ni mbolea nzuri yenye naitrojeni nyingi na debe moja la mkaa mkavu linakunywa kama lita nane mpaka kumi. Unauosha mkaa majivu kwanza (ukiuacha na majivu utasikia amonia inakutoa machozi, hiyo ni chaji inayokimbia), unamwagia, unafunika na mfuniko mwezi mzima, kisha unachanganya na mboji. Kwa mkojo wa familia yenyewe kwa bustani yake yenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka mwezi mmoja upite kati ya kuweka na kuvuna, kwa hiyo kwenye mchicha unaochumwa kila wiki haufai kumwagiliwa moja kwa moja, kwenye migomba na mipapai sawa. Lakini we una kuku 30 dada, kilo tatu kila siku zinakudondokea bure, huna sababu ya kugombana na mtu ndani ya nyumba. Mwache mzee. Siku akiona mgomba wa jirani umemzidi atauliza mwenyewe dumu liko wapi.